Mwaka Mapendo Aliofuma Kwetu

Watoto wa Maman Nsimire waliiuza parsele yake, kiwanja na nyumba, mara tu baada ya kuondoa matanga. Siwalaumu. Wote wanaishi mbali, na nyumba ya Bukavu ikikosa mtu, mvua huila kuanzia chini. Waliniambia nipite nichague kitu cha kumkumbukia mama yao, nami nikachelewa, kwa hiyo nilipofika mnunuzi alikuwa ameshaingia. Kile chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani, na kijana mmoja alikuwa akipanga humo matairi ya pikipiki. Dirisha lilikuwa lile lile lisilofunga vizuri. Nilisimama mlangoni nikitazama mahali zilipokuwa metie zetu tatu, vile vitanda vikubwa vya mbao vya kufumia, hadi yule kijana akaniuliza kwa adabu, "Maman, iko kitu unatafuta?" Nikamwambia hapana, nilikuwa napita tu. Nikaondoka mikono mitupu, na tangu siku hiyo mwaka mmoja wa ujana wangu haunipi nafasi ya kufikiri jambo jingine.

Ni mwaka ule vita vilipoingia kwa mara ya pili. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa sheria, chuo kikafungwa, maprofesa wakavuka mto Ruzizi au wakajifungia majumbani, na mimi nikabaki na vitabu vyangu kama mtu aliyeshika tikiti ya basi ambalo limeshaondoka. Maman Nsimire, mjane tuliyesali naye parokia moja, alinichukua kwa sababu nilijua kuandika barua nzuri za Kifaransa. Kabla ya vita alikuwa akiwauzia wageni shali na vitambaa vya meza, na parokia vitambaa vya altare, na kazi hiyo ilihitaji barua nyingi. Lakini wageni walikuwa wameondoka, na barua hazikuwa na mahali pa kwenda. Wiki ya kwanza nilikaa tu kwenye kiti nikimtazama. Wiki ya pili akanisukumia kikapu cha nyuzi akasema, "Faida, mikono isiyofanya kazi inaleta mawazo mubaya. Kuya hapa." Ndivyo nilivyojifunza kufuma, nikiwa na wazo kwamba ni jambo la mwezi mmoja.

Chumba kilinuka sufu mbichi, moshi, na kuku. Nyuzi mpya hazikuwepo tena, kwa hiyo tulinunua masweta makuukuu ya friperi, yaani mitumba, tukayafumua, tukayafua kwa majivu, na kuyaanika kwenye kamba uani. Rangi zilikuja zenyewe kama zilivyotaka: kijani cha sare za shule fulani ya Ulaya, wekundu wa sweta la mtu mnene sana, ambalo peke yake lilitutolea shali tatu. Maman Nsimire alikaa karibu na dirisha. Mimi nilikaa ukutani. Metie ya katikati ilikuwa ya Maman Sifa, mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Shabunda na hakuna aliyejua kama bado yu hai. Ilikuwepo na ya nne, ndogo zaidi, imekunjwa nyuma ya mlango ikingoja siku kazi itakapoongezeka. Tulipofuma wote watatu, machanuo ya mbao yakipigapiga uzi kuukaza, nyumba nzima ilikuwa na sauti kama ya watu wanaotwanga sombe, majani ya muhogo, na majirani walituambia kwamba usingizi wa mchana bila kelele ile haukuja.

Kuku walianza kwa bahati. Maman Nsimire alikuwa amenunua majike wawili na jogoo kwa ajili ya sikukuu ya ubatizo. Vita vikaingia, ubatizo ukaahirishwa, na majike wakaanza kutaga. Hakuwa na moyo wa kuchinja kitu kinachompa yai. Kufikia wakati nilipoanza kwake, uani palikuwa na kundi zima, na banda la mbao na mabati lililoegemea ua wa jirani. Walikuwa kuku wa kienyeji, wenye akili na wivu. Walirukia kamba ya nyuzi, wakalala juu ya masweta yaliyofumuliwa, na manyoya yao yalijisuka ndani ya shali zetu kiasi kwamba mteja mmoja alidhani ndiyo mtindo. Siku moja mmoja wao alimeza ncha ya uzi wa bluu, akakimbia uani akiuvuta, sisi watatu nyuma yake tukicheka hadi Maman Sifa akalazimika kukaa chini. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka. Mbolea yao tulibadilishana na jirani wa chini kwa mchicha wake, lenga-lenga. Mayai mengine yaliuzwa, mengine tulikula sisi. Mchana Maman Nsimire alileta bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, au sombe tupu, na yai lililochemshwa, moja kwa wote. Hakulikata kwa kisu. Alinyoosha uzi kati ya vidole vyake viwili, akaupitisha, na yai likagawanyika vipande sawasawa, bila hata punje ya kiini kubaki kwenye uzi.

Nyumba ya jirani, upande wa banda, ilikuwa ya profesa mmoja aliyekimbia. Wanajeshi waliposhika mji, komanda mmoja aliingia humo na kitanda chake na redio zake. Nyumba ile tuliisikia zaidi ya kuiona. Tulisikia redio ikikoroma asubuhi, gari likipasha moto, Komanda akipiga kelele kwenye simu ya upepo wakati mawimbi yalipokosekana. Mchana palikuwa kimya, isipokuwa kikohozi cha mlinzi, sajini mmoja mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha plastiki langoni. Kisha tukaanza kusikia sauti ya mtu akifagia. Alifagia muda mrefu mno, mahali pale pale, mtu anavyofagia akiwa hana kitu kingine cha kufanya.

Mmoja wa kuku wetu, jike jekundu tuliyemwita Prefe kwa jinsi alivyotembea kama mkuu wa shule akikagua madarasa, alikuwa na tabia ya kupenya ua na kwenda kutaga kwa Komanda. Asubuhi moja tuliona mkono ukitokea kati ya matete ya ua, umeshika yai. Kisha sauti ya msichana ikasema, "Maman, kuku yenu ilitagia kwetu." Maman Nsimire alichukua yai, akainama akatazama kwenye tundu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona uso wa mtoto wa shule ya sekondari, nywele zimesukwa vibaya, na kikwembe kipya, kitenge cha bei ambacho hakikumkaa.

"Uko mutoto ya wapi?" Maman Nsimire akamuuliza.

"Niko mutoto ya Bunyakiri."

"Unaitwa nani?"

"Mapendo."

"Na hapa unakaa na nani, Mapendo?"

"Na Komanda. Banasema niko bibi yake."

"Na weye, unasema nini?"

Msichana alitazama nyuma kuelekea langoni, kisha akasema, "Kesho ikitaga tena, nitaleta," akaondoka kwenye tundu. Maman Nsimire alibaki ameinama, yai mkononi. Alipogeuka aliniambia niende nikaendelee na kazi, ingawa kazi yangu ilikuwa imeisha na alijua.

Mapendo aliendelea kuleta mayai, na kila mara alibaki kidogo zaidi kwenye tundu, akisikiliza metie. Sijui Maman Nsimire aliupata wapi ujasiri wa kwenda langoni siku ile kumwomba Komanda. Nilimfuata hadi pembeni nikasikia. Hakuwa mtu wa kutisha kwa sura. Alikuwa na miwani, akamwita Maman Nsimire "maman" na kumpa kiti. Maman Nsimire alimwambia kwamba ana metie moja bure na anatafuta msichana wa kumsaidia, na kwamba mke wa Komanda angeweza kujifunza kazi nzuri ya nyumbani. Komanda alifikiri, akacheka. "Mufundishe," akasema. "Akikaa bule analia, na miye siwezi kupumzika na mutu anayelia." Mlinzi akaagizwa kufungua nafasi kwenye ua ili Mapendo apite bila kukanyaga barabara, na asiikanyage kamwe. Ndivyo metie ya nne ilivyokunjuliwa.

Alijifunza upesi kuliko mimi. Lakini alikuwa na namna yake: sisi tulipiga chanuo mara moja baada ya kila uzi, yeye alipiga mara mbili, harakaharaka, tap-tap, kama mtu anayebisha mlango asiye na hakika kwamba atafunguliwa. Maman Nsimire alimwambia kwamba pigo moja zuri linatosha. Mapendo akajibu, "Najua, maman. Lakini mara mbili najisikia muzuri." Tukamwacha. Hakuzungumza sana. Polepole, kidogo kidogo, huku macho yake yako kwenye uzi, tulijua mengine: kwamba wanajeshi walimchukua njiani akitoka shule, kwamba mama yake yu hai, kwamba tonton wake, kaka wa mama, anatunza bustani kule Lwiro. Mchana alikula nasi. Uzi wa Maman Nsimire ukaanza kugawa yai kwa watu wanne, na baadaye watano, kwa sababu mlinzi naye, akinusa chakula, alisogea kwenye nafasi ya ua na kukohoa. Mwishowe Maman Nsimire alianza kumpa yai zima. "Ni mugonjwa," alituambia. Maman Sifa alisema, "Ni askari." Maman Nsimire akajibu, "Askari mugonjwa," na mjadala ukaishia hapo.

Si kila mtu alituelewa. Kisimani walituita wafumaji wa Komanda. Mteja wa zamani alirudisha shali aliyokwisha kuichukua. Nilipomlalamikia Maman Nsimire, alisema watu wana haki ya kuogopa nyumba iliyounganika na nyumba ile kwa tundu, na kwamba hata yeye anaiogopa. Nilidhani anasema hivyo kunituliza. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko aliokuwa nao, ninajua kwamba alisema kweli tupu. Nilikuwa nikimtazama kama watoto wanavyotazama watu wazima, nikidhani yule anayetenda jambo ni yule asiyeogopa.

Siku moja ya mvua, tukiwa tumewasha makaa kukausha nyuzi ndani, Mapendo alisimamisha mkono na kusema bila kugeuka, "Maman Nsimire, unaenda Mudaka siku ya soko kununua pumba ya kuku. Unichukue. Kutoka Mudaka nitajua njia ya Lwiro." Mvua ilikuwa inapiga mabati, na kwa muda nilitumaini kwamba Maman Nsimire hakusikia. Alisikia. Alisema, "Hapana, mutoto yangu. Usiniombe ile kitu. Batachoma nyumba hii na sisi ndani." Mapendo akasema, "Sawa, maman." Kisha akaendelea kupiga, tap-tap, tap-tap. Hakulia wala hakununa. Siku zilizofuata alikuja kama kawaida, akasalimia kama kawaida. Maman Nsimire ndiye aliyebadilika. Alikuwa anakosea kazi, yeye ambaye sijawahi kumwona akikosea. Nilimkuta akifumua shali nzima aliyokuwa ameikaribia kumaliza.

Kisha tukasikia. Ilikuwa asubuhi, Mapendo bado hajavuka kuja kwetu, na Komanda alikuwa uani kwake akimpa mlinzi maagizo kwa sauti yake ya simu. Alikuwa amepewa kazi mbele, upande wa Shabunda. "Dimanshi tunapanda," alisema, yaani Jumapili. "Mutafunga bintu byote. Kitanda, redio, friji ile, na bibi." Alisema hivyo hivyo, kwa pumzi moja. Maman Nsimire alikuwa anatupa pumba kwa kuku. Mkono wake ulibaki hewani, na kuku wakamzunguka wakimgonga miguu kwa midomo. Alirudi ndani akatuita mimi na Maman Sifa, akafunga lile dirisha lisilofunga.

"Siku ya soko nitamupeleka," akasema.

Maman Sifa aliweka chini uzi. "Nsimire, miye niko na batoto bane."

"Najua. Ndiyo sababu nakuambia. Siku ile usikuye. Ukae kwako. Bakiuliza, utasema haukuwa hapa, na itakuwa kweli."

"Na huyu?" Maman Sifa akanionyesha kwa kidevu.

"Faida atasema mwenyewe."

Nilisema nitabaki nifume. Sikuwa nimefikiri, nilisema tu. Maman Sifa alivaa viatu vyake akaenda nyumbani kabla ya chakula, bila kuaga. Sikumlaumu wakati ule, na leo ndiyo kabisa simlaumu.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi, na wepesi wake ndio ulionitisha. Mama mmoja aliyetuuzia pumba alipeleka neno kwa tonton wa Lwiro, kwamba afike sokoni. Maman Nsimire alizoea kwenda Mudaka na mbeba mizigo, mmoja wa wale wanawake wanaobeba kitunga mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Katika Bukavu hakuna anayemtazama usoni mwanamke aliyebeba mzigo. Ameinama, anatazama miguu yake, na watu wanatazama mzigo. Safari hii mzigo ungekuwa kuku, na mbeba mizigo angekuwa Mapendo. Mlinzi naye tulimfahamu: hakuingia kwetu kamwe. Alijua kwamba msichana yupo kwa kumsikia. Kwa hiyo ilitakiwa asikie. Siku za soko metie ya Maman Nsimire huwa kimya, hilo halikuwa na shaka. Lakini ya Mapendo haikutakiwa kunyamaza, na yangu pia, kwa sababu mlinzi alizoea kunisikia.

Asubuhi ile Komanda aliondoka mapema kwenda kambini. Mapendo akavuka ua, akamsalimia mlinzi. Ndani ya chumba Maman Nsimire alimvua kile kikwembe cha bei, akamvika sketi yake ya shambani na sweta lililotoboka viwiko, akamfunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi. Tukawaingiza kuku kitungani, Prefe akiwa juu, maana hakukubali kukaa chini ya wengine. Mapendo aliingiza kichwa kwenye kamba, akainuka na mzigo, na mara akawa mwanamke wa miaka yoyote ile. Alinishika mkono. "Yaya Faida," akasema, "mara mbili-mbili. Usisahau." Wakatoka kwa lango letu la chini. Mlinzi alimpigia Maman Nsimire kelele kutoka kwenye kiti chake, "Maman, utuletee ndizi ya Mudaka!" naye akajibu, "Nikipata!" na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote. Mimi nilikuwa nimeshaketi kwenye metie ya Mapendo, nikipiga.

Nilipiga tap-tap hadi nilipodhani hawaonekani tena, nikaruka kwenye yangu nikapiga pigo moja moja, nikarudi. Mtu akisikiliza vizuri angetambua kwamba metie hizo mbili hazilii pamoja kamwe. Jasho lilikuwa likinitiririka na uzi ukakatika, nikapoteza muda kuufunga. Ndipo mlango ukafunguliwa. Nilijua ni askari. Alikuwa Maman Sifa. Alivua viatu, akavipanga vizuri ukutani kama alivyofanya kila siku, akaninyang'anya kiti cha Mapendo kwa kunisukuma na nyonga. "Nimekuya kumaliza shali yangu," akasema. Shali yake haikuwa kwenye metie ile. Nilitaka kumuuliza habari za watoto. Akasema, "Piga yako," nikapiga.

Mchana mlinzi alikuja kwenye nafasi ya ua na kukohoa. Nilichukua yai nikaenda. Nilipotoka uani, nyuma yangu ilisikika metie moja tu, na kwa sekunde chache Maman Sifa alijisahau, likawa pigo lake zito, moja, moja, moja. Nikaona mlinzi anainua kichwa. Kisha lile pigo likabadilika. Tap-tap. Tap-tap. Maman Sifa, ambaye kwa miezi yote alikuwa akilalamika kwamba mchezo ule unamuumiza kichwa, alilipiga sawasawa kama msichana mwenyewe.

"Leo si yeye analeta yai?" mlinzi akauliza.

"Anataka kumaliza kazi," nikasema. "Kabla ya safari."

Alilimenya yai polepole, akitazama banda letu lililokuwa karibu tupu. Niliona anavyolitazama. Nikaona pia kwamba ameshaelewa jambo fulani, ingawa sijui lipi, na sitajua maisha yangu yote. Akasema, "Ndiyo. Namusikia," akaweka chumvi kwenye yai, akarudi kwenye kiti chake. Mvua ilipoanza alasiri, tuliacha kufuma, kama tulivyoacha kila mara mvua ilipokuwa kubwa. Maman Sifa akavaa viatu akaenda kwa watoto wake.

Maman Nsimire alirudi ameloa, na pumba kichwani, na ndizi. Alinitikisia kichwa kuashiria ndiyo, basi. Baadaye alinisimulia kwamba kwenye kizuizi, kabla ya kufika Mudaka, askari waliwasimamisha na kufungua kitunga. Mmoja wao alipapasa kuku kifuani mmoja mmoja, akitafuta mnono, uso wake ukiwa shubiri moja kutoka uso wa Mapendo, na hakumtazama. Alimchagua Prefe. Tonton alikuwepo sokoni. Alichukua kitunga akakivaa yeye, akamwambia Mapendo atembee mbele.

Komanda alikuja jioni, kabla giza halijaingia, na wanajeshi wake. Aliuliza bila kupaza sauti, "Bibi yangu iko wapi?" Maman Nsimire alisema yeye alikuwa sokoni, lakini msichana aliagana nami mvua ilipoanza, akasema anakwenda kupika, je, hayuko? Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona amekaza fundo la kikwembe chake, kisha akalikaza tena. Wakamleta mlinzi. Alisema, "Mon komanda, nilimusikia miye mwenyewe. Alikuwa anapiga mpaka mvua ikakuya." Komanda akamzaba kofi, na mlinzi akarudia maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Komanda aliingia chumbani, akashika kitambaa kilichobaki kwenye metie ya Mapendo, akakitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atakivuta. Akakiacha, akasema kwa wanajeshi, "Muvunje." Wakaivunja metie ile iwe kuni, wakachukua na kuku wachache waliobaki, wakubwa kwa wadogo. Kisha wakashuka kwenye bandari kuzuia mashua za Goma, kwa kuwa Komanda aliamini kwamba msichana angekimbilia ziwani. Jumapili akapanda Shabunda, na mlinzi pamoja naye.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa. Bila mayai hatukuwa na kitoweo wala cha kubadilishana, na watoto wa Maman Sifa walivimba miguu. Hakumlaumu mtu, nami sijui kama ningeweza kufanya hivyo. Chuo kilifunguliwa tena nikarudi, nikamaliza sheria, nikaingia kazini mahakamani, na niko huko hadi leo. Nimesikiliza watu wengi wakiulizwa walikuwa wapi na walisikia nini, na mara nyingi nimemfikiria yule sajini na kofi lake. Mapendo nimeonana naye mara mbili baada ya vita. Ana watoto, anauza mafuta ya mawese Bunyakiri, na amenenepa. Hatuzungumzii mambo yale. Tunazungumzia bei ya mawese.

Lakini wakati ule hatukujua kitu. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha bila habari yoyote, na kutoka njia ya Bunyakiri zilikuja habari za kutisha tu. Asubuhi moja, tukiwa kazini wote watatu, mzee mmoja mwenye kofia ya pamba alibisha hodi. Nilimtambua kuwa ni tonton kwa jinsi Maman Nsimire alivyosimama. Alikataa kukaa. Alisema mtoto alifika Lwiro, akakaa kwake hadi barabara ilipotulia, na sasa yuko kwa mama yake. Alisema analala vizuri. Alituletea maharage kwenye kitambaa, akatushukuru kwa kutushika mikono mmoja baada ya mwingine, akaondoka ili asikose gari.

Maman Nsimire hakuwa amelia siku walipochukua kuku, wala walipovunja metie. Sasa alirudi kwenye kiti chake, akaegemeza paji la uso kwenye ubao wa metie, akalia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Niliogopa. Maman Sifa akamwendea.

"Unalia nini tena? Mutoto alifika."

"Aliniomba nikasema hapana," Maman Nsimire akasema. "Aliniomba, Sifa, na miye nikamuambia hapana. Na yeye akasema sawa."

Maman Sifa alisimama hapo, mikono kiunoni, akitazama mgongo wake. "Hata miye nilisema hapana," akasema. "Sogea." Akaketi kwenye kiti kile kile chembamba karibu naye, bega kwa bega, ingawa metie ile ilitengenezwa kwa mtu mmoja, akachukua uzi, akaupitisha upande wake, na kungoja mwenzake aupokee.